Trekta Lililopita Langoni kwa Nguvu Zake

Nyinyi vijana mnaokuja hapa kwangu Kibirichia na simu zenu, mkanisikilizisha mngurumo wa injini na kuniuliza, "Shosho, hii inaumwa na nini?", karibuni. Sitawacheka. Kama ningekuwa na kitu cha kubeba sauti ya injini mfukoni nimpelekee mwalimu wangu, ningekibeba. Na hizo kompyuta mnazochomeka kwenye matrekta mapya, nazo ni nzuri. Lakini kompyuta inajibu ulichoiuliza. Kuuliza ndiyo kazi yenyewe.

Mimi nilianza na uji. Nilikuwa msichana ninayeuza uji Majengo, Meru mjini, kwenye uwanja wa Mzee Salim, nyuma ya mabucha. Mzee Salim alitengeneza matrekta na malori, na mikono yake ilikuwa mikubwa kama koleo. Siku moja nati ilimponyoka ikaangukia mahali pembamba kati ya injini na gia. Mafundi wake wote walijaribu kuingiza mkono, wakashindwa. Mimi nilikuwa pale nangoja vikombe vyangu.

"Binti," akaniita, "lete huo mkono wako mwembamba."

Niliingiza, nikaitoa ile nati. Akaiangalia, akaniangalia mimi. "Kesho njoo na uji kama kawaida," akasema, "halafu usiondoke."

Sikuondoka kwa miaka mingi. Watu walisema mengi kuhusu msichana anayelala chini ya malori. Mzee Salim aliwajibu kwamba injini haijui nani amevaa rinda. Yeye alikuwa mtu wa msikiti na mimi wa kanisa, na Jumapili alinikataza kabisa kushika spana. "Nenda ukaombe," alisema, "maana kesho tuna lile lori la mchanga."

Somo lake la kwanza halikuwa la spana. Alisema mtu akikuletea mashine na kukuambia imekufa, usimwamini na usimkatalie. Muulize imekufaje. Ilizimika ghafla au ilikata pumzi polepole? Ilikataa asubuhi, au baada ya kupumzika ikiwa moto? Nani aliigusa mara ya mwisho, na alifanya nini? Mafundi wengi hukimbilia kufungua. Wakishafungua, ugonjwa wa kwanza unafichwa na ugonjwa wanaouleta wao.

Somo hilo lilinisaidia Embu, kwenye shule moja ya watawa. Walikuwa na mashine ya kukata nyasi, ile ya kukalia kama trekta dogo. Ilikuwa inawaka vizuri, lakini mara tu mtunza uwanja, kijana anayeitwa Njiru, alipoachilia breki ili aondoke, ilizimika. Walikuwa wamebadilisha plagi, wamebadilisha betri, wamesafisha kabureta mpaka inang'aa.

Nikamuuliza Njiru, "Nani alikuwa anaiendesha kabla yako?"

"Ireri. Amestaafu."

"Ireri ni mtu wa namna gani?"

Mtawa mmoja akacheka. "Ireri? Huyo alikuwa anajaza mlango."

Nikaomba nikae mimi. Siku hizo nilikuwa nimepata mwili. Nikawasha, nikaachilia breki, mashine ikaenda zake uwanjani kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Chini ya kiti cha mashine hizo kuna swichi inayohisi kama mtu ameketi. Usipoketi, inazima, ili vile visu visiendelee kuzunguka ukiwa umeanguka. Springi ya kiti ilikuwa imeshika kutu, na Njiru, maskini, hakuwa na kilo za kuikandamiza. Nilisafisha springi, nikaipaka grisi, nikainua swichi kidogo. Njiru akaketi, mashine ikakubali. Yule mtawa akamwambia hata hivyo aongeze chakula. Na mniskize: msije mkaunganisha waya ili kuiruka hiyo swichi. Nimeona mguu uliotembelewa na visu vile, na sitaki kuuona tena.

Lakini mmekuja kuuliza habari za trekta la akina mama, najua. Basi nisikilizeni.

Nilikuwa nimerudi Kibirichia nimeolewa, na mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Tulikuwa na kikundi cha akina mama, wengi wajane. Mwenyekiti wetu alikuwa Gatwiri, mwanamke asiyejua kuongea polepole. Mkubwa wetu kwa umri alikuwa Nyanya Mukiri. Tulikuwa tumekodisha shamba kubwa, tulitaka kupanda viazi. Mwenye shamba alikuwa ametuambia waziwazi: mvua ikinyesha ardhi ikiwa bado pori, anampa mtu mwingine. Na lilikuwa pori kweli. Nyasi za sangari zilikuwa zimeshonana, jembe likigonga linarudi. Tulilima mpaka viganja vikatoka malengelenge, na tukiangalia nyuma tunaona kipande cha kutandika mkeka. Upande wa mlima, mawingu yalikuwa yameanza kushuka kila alasiri.

Wakati huo ushirika wetu wa zamani ulikuwa unafungwa, na mali yake inauzwa. Nyuma ya ghala lilisimama trekta. Lilikuwa limekaa miaka, majani yamepanda mpaka kwenye usukani. Plau lilikuwa bado limefungwa nyuma. Kila mtu alisema injini imekwisha. Mfanyabiashara wa vyuma chakavu, kijana wa Kangeta anayeitwa Mutuma, alikuwa ameshakubaliana na mwenyekiti wa ushirika kulichukua Ijumaa.

Gatwiri alinishika mkono, tukaenda kwa mwenyekiti. Huyo alikuwa Mzee Muriuki, mtu mpole, amechoka na kulaumiwa kwa mambo ambayo hakuyafanya.

"Mzee," Gatwiri akaanza kabla hata ya kukaribishwa, "hiyo trekta msiuze. Sisi tutaitengeneza. Ikitembea, mtuachie, tutailipa na mavuno."

"Mama, ile ni chuma tu."

Mimi nikasema, "Kama ni chuma, hatutaweza kuiwasha, na hutapoteza kitu."

Mzee Muriuki akafikiri. "Wanachama watasema nimewapa jamaa zangu mali ya bure. Sasa sikilizeni. Ijumaa, watu wakiwepo, hiyo trekta iwake na ipite langoni kwa nguvu zake. Isivutwe, isisukumwe. Ikipita, ni yenu kwa masharti hayo ya mavuno. Isipopita, Mutuma anapakia."

Tukatoka. Gatwiri akaniuliza njiani, "Utaweza?"

"Sijaiona," nikamwambia.

"Nimeuliza, utaweza?"

"Nitaweza," nikasema, ili anyamaze.

Kitu cha kwanza ambacho nilitaka kujua ni kama injini ilikuwa imeshikana ndani. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili. Ikiwa maji yameingia, oili inakuwa nyeupe kama uji wa mahindi. Hii ilikuwa nyeusi, chafu, lakini oili. Kisha nikaweka gia ya juu kabisa, nikawaambia akina mama wasukume, kidogo mbele, kidogo nyuma. Walisukuma wakiimba wimbo wa kanisa. Mimi niliinama naangalia feni. Mwanzoni haikusogea. Halafu, kwenye kiitikio, ikazunguka kidogo, ikarudi. Nikapiga kelele mwenyewe. Injini inayozunguka haijafa.

Betri tuliazima kwa shemeji ya Gatwiri, kwenye kenta yake ya kubeba viazi. Nikaifunga, nikabonyeza. *Tak!* Basi. Nikabonyeza tena. *Tak!*

Nyanya Mukiri akasema, "Imejibu."

"Imejibu hapana, Nyanya."

Hapo ndipo mafundi wengi hung'oa stata, wakaibeba mpaka mjini. Ngoja kwanza. Washa taa, halafu bonyeza stata ukiziangalia. Zikififia na kufa, umeme una njaa mahali fulani: ama betri ni dhaifu, ama njia imezibika. Betri yetu ilikuwa imetoka kuwasha kenta asubuhi ile ile, kwa hiyo nikajua ni njia. Nikafuata waya mnene wa upande wa ardhi, mpaka pale unapofungwa kwenye mwili wa trekta. Mtu alikuwa amepaka rangi mpya wakati fulani, akapaka na pale, na kutu ikaota juu ya rangi. Nikafungua boliti, nikapakwangua mpaka chuma kikawa cheupe, nikafunga. Vichwa vya betri nikaviosha kwa maji moto na magadi. Nikabonyeza.

Injini ikazunguka! Akina mama wakapiga vigelegele hadi watoto wa shule ya jirani wakajaa kwenye ua.

Lakini ilizunguka tu. Haikuwaka. Nikawatuma wote waangalie bomba la moshi wakati nazungusha.

"Mnaona nini?"

"Hakuna kitu."

Gatwiri akafikiri ni habari mbaya. Nilimwambia ni habari nzuri sana. Dizeli ikifika ndani ya injini bila kuungua, utaona moshi, hata mweupe. Pasipo moshi kabisa, dizeli haijafika. Sasa unajua utafute wapi. Unaacha mambo ya pistoni na vali, unafuata mafuta kutoka tangini, kama mtu anayefuata mfereji kuona nani ameziba maji.

Mfereji wetu ulikuwa umezibwa na watu wengi! Kwanza, kishikio cha kuzimia injini. Pale kwa dereva kilionekana kimerudi, lakini kule kwenye pampu mkono wake ulikuwa bado umekaa upande wa kuzima, umeganda kwa kutu. Trekta hilo lilikuwa limeamriwa lizime, na likatii miaka yote ile. Nililainisha kwa dizeli, nikauchezesha kwa vidole mpaka ukalegea. Tangini nilimwaga maji na uchafu mzito kama mlenda. Chujio la hewa lilikuwa na panya aliyezama kwenye oili yake siku nyingi, nikamzika kwa heshima. Chujio la dizeli nikaweka jipya.

Kisha kutoa hewa. Hapa niwaambie polepole. Dizeli haipendi hewa kwenye mabomba yake. Unalegeza skrubu ya juu ya chujio, unapiga ule mkono mdogo wa pampu ndogo, ile inayovuta dizeli kutoka tangini, povu linatoka, mpaka dizeli itoke safi kama maji ya chemchemi, ndipo unakaza. Unaenda kwenye pampu kubwa, hivyo hivyo. Mwisho nati za mabomba yanayoingia kwenye nozeli. Na ukipiga ule mkono mdogo ukauona umelegea, hausukumi kitu, usiseme pampu imekufa. Zungusha injini kidogo ujaribu tena. Kuna mahali ndani panaushikilia.

Nilipiga mkono ule mpaka dole gumba likavimba. Povu halikwisha. Mapovu, mapovu, mapovu. Nikapapasa kila kiungo kutafuta tone la dizeli. Pakavu.

Jioni nilipanda gari nikaenda Majengo. Mzee Salim alikuwa ameshaacha kazi, macho yamefifia, ameketi kibarazani na kahawa. Nikamweleza.

"Umetafuta tone?" akaniuliza.

"Nimetafuta, hakuna."

"Upande gani wa pampu ndogo?"

"Upande wa tangi."

Akatabasamu. "Mwanangu, upande ule pampu inanyonya. Wewe ukinyonya soda kwa mrija uliotoboka, soda inamwagika?"

Nikashika kichwa.

"Haimwagiki," akasema. "Unavuta hewa tu. Paka grisi kiungo kimoja kimoja. Kile ambacho ukipaka povu linakwisha, ndicho mwizi wako. Na washa ya shaba, ile pete ya kwenye kiungo, usiitupe. Ipashe moto mpaka iwe nyekundu, itumbukize majini, itakuwa laini tena." Halafu akaniambia, "Ikiwaka, nipelekee salamu."

"Kwa nani?"

"Kwa hiyo injini, kwa nani tena?"

Alhamisi nilipaka grisi. Kiungo cha tatu kutoka tangini, povu likakoma kama limekatwa kwa kisu. Washa yake ya shaba nikaipasha kwenye jiko la Nyanya Mukiri, nikaitumbukiza majini, nikaifunga. Nikatoa hewa. Nikapanda, nikazungusha.

Moshi mweupe. Injini ikakohoa. Moshi tena. Halafu *tu-tu-tu*, ikasita, ikapata mdundo, ikanguruma, na bomba likatema kutu na majani na kitu kama kiota cha ndege. Gatwiri alinikumbatia nikiwa bado kitini. Niliinamia usukani, nikasema, "Mzee Salim anakusalimu." Sikuiacha iwake muda mrefu, kwa sababu ya uchache wa dizeli. Nikazima, tukaenda kulala tumeshinda.

Ndivyo tulivyodhani.

Ijumaa watu walijaa. Lori la Mutuma lilikuwa limeshaegeshwa karibu na lango, na vijana wake na minyororo. Mzee Muriuki aliketi mbele ya ofisi, ameletewa chai. Nikapanda, nikawasha. Iliwaka mara moja. Vigelegele! Nikainua plau, nikaweka gia, trekta likaondoka nyuma ya ghala, likazunguka kona, likaingia uwanjani. Nililiona lango. Niliwaona akina mama wamesimama pande zote mbili kama bibi harusi anapita.

Halafu nikasikia mlio ukishuka. Nguvu ikapungua, ikapungua, injini ikavuta pumzi moja ndefu, ikazima. Lango lilikuwa hapo mbele, ungeweza kulitupia jiwe.

Kisha Mutuma akasema, bila ubaya, "Mama, pole. Skrepu ni skrepu." Vijana wake wakaokota minyororo.

Gatwiri akasimama mbele yao. "Mnaenda wapi? Mzee alisema ipite kwa nguvu zake. Hakusema isipumzike!"

Watu wakacheka, na Mzee Muriuki mwenyewe akacheka. Akaangalia kikombe chake. "Sawa. Nikimaliza chai."

Na alikunywa, Mungu ambariki, kama mtu mwenye jino bovu.

Mimi nilikuwa bado nimeketi kitini. Nilitaka kurukia spana, nifungue kila kitu. Nikajizuia. Nikajiuliza: imekufaje? Haikufa ghafla. Ingekuwa kile kishikio cha kuzimia, ingekatika mara moja. Imekufa polepole, kama mtu wa njaa. Lakini dizeli ipo, nimeitia mwenyewe. Hewa nimeitoa. Jana iliwaka, lakini jana niliizima mapema. Kwa nini inakula vizuri mwanzoni, halafu inakosa?

Nikainuka, nikashika kifuniko cha tangi, nikakizungusha.

*Fyuuuu!*

Tangi lilivuta hewa kwa nguvu hata Mutuma akalisikia. Nikakigeuza kile kifuniko. Kina tundu dogo la kuingiza hewa, maana dizeli ikitoka lazima kitu kiingie mahali pake. Nyigu alikuwa amejenga nyumba yake ya udongo ndani ya tundu lile, akaiziba vizuri kama fundi wa mawe. Tangi lilikuwa linajinyonga lenyewe.

"Gatwiri, nipe pini ya nywele!"

Akaichomoa, nywele zikamwanguka usoni. Nikachokoa, udongo ukatoka vumbi, nikapuliza mpaka nikasikia pumzi yangu upande wa pili. Nikafunga kifuniko, nikapiga mkono wa pampu, nikatoa povu kidogo lililobaki, nikakaza. Nilipopanda, Mzee Muriuki alikuwa ameinua kikombe mdomoni, lakini nadhani hakikuwa na kitu.

Nikabonyeza. Iliwaka.

Sikusikia vigelegele wala lori, nilisikia injini tu. Nikaweka gia. Mlio haukushuka. Lango likaja, likapita kushoto kwangu na kulia kwangu, na magurudumu makubwa ya nyuma yakatoka nje, na plau likatoka nje, na sikusimama. Nilipanda nalo barabara mpaka kanisani, nikageuza, nikarudi, akina mama wananifuata wanakimbia, wengine wamevua viatu. Nyanya Mukiri hakuweza kukimbia. Alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya barabara, anapunga leso yake kwa kila aliyepita, hata wasiomjua.

Mzee Muriuki alinipa mkono mbele ya watu wote. "Ni yenu," akasema. "Na mimi nimepumzika. Leo kuna kitu hapa kimeenda mbele."

Mutuma naye akaja, kofia mkononi. Nilifikiri amekasirika. Akazunguka trekta, akagusa kifuniko cha tangi kwa kidole.

"Mama," akasema, "mama yangu ana shamba huko nyumbani, juu ya Kangeta. Sehemu ya mahindi imekuwa pori. Mkimaliza kwenu, mnaweza kukuja?"

Gatwiri akaniangalia. Sisi hatukuwa tumelima hata mstari mmoja, na tayari tulikuwa na mteja.

"Tutakuja," nikasema. "Lakini utungoje kwenye foleni."

Kesho yake tuliteremsha plau kwenye lile shamba letu. Sangari ilipasuka, ikapinduka, na udongo mweusi ukalala juu, unatoa mvuke wa baridi ya asubuhi. Nililima, na nilipogeuka mwisho wa mstari niliwaona wanawake wote wameingia kwenye mfereji mpya, wanatembea nyuma yangu polepole. Nyanya Mukiri aliinama, akachukua udongo mkononi, akauvunja kwa kidole gumba.

"Leteni mbegu," akasema.

Mvua ilitukuta tukifunika mstari wa mwisho.